Ndosho: kabla ya kuzamia baharini, mita 200 za kuogelea

Mwalimu mmoja wa kartie ya Ndosho anapanga vakansi Zanzibar. Anataka kuzamia baharini na chupa ya hewa mgongoni, aone samaki kwao. Dola anaziweka kidogo kidogo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, basi atavuka mpaka, apande basi Kigali mpaka Dar es Salaam, kisha boti.

Ugumu si njia. Anayetafuta cheti cha kwanza cha kuzamia anapimwa: aogelee mita 200, aelee dakika 10. Na yeye hajui kuogelea.

“Papa Mwalimu, utazamia aje na kuogelea haujue?” jirani alimuuliza.

Ndosho ziwa linafika nyumbani ndani ya bidoni. Wengi wamekomaa bila kuliingia. Lakini tangu tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kutoka Minova kilipozama karibu na Kituku, watu wakitazama toka ng'ambo, swali hilo halichekeshi tena.

Sasa kila siku ya posho asubuhi anashuka Kivu na rafiki yake mvuvi. Gesi ya ziwa imelala chini sana, haimfikii mwogeleaji. Wanachoepuka ni mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya kwenye mabonde ya pembeni. Amefikisha mita 30, akihema.

Bibi yake anasema pesa ile ni ya minervali. Hata hivyo, posho iliyopita alimtuma mtoto wao wa miaka 10 ashuke pamoja naye.