Pembe Ambayo Haikuwa Pembe

Nkambo wangu alikuwa kinyozi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Alinyolea uani, chini ya mwembe, na wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa Gécamines. Alipofariki nilirithi wembe wake: ule wa kukunja, ulioandikwa Solingen kwenye chuma, wenye mpini wa rangi ya asali unaopitisha mwanga. Nyumbani sote tuliuita mpini ule "pembe". Nkambo mwenyewe aliuita hivyo.

Nami niliamini. Nikaukunja wembe, nikauzungushia kitambaa, nikautia katika mfuko wa nailoni na kuuweka chini ya sanduku kwa miaka mitatu. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nilipoufungua mwaka huu, harufu kali ilinipanda puani. Mpini ulikuwa umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, hasa pale kilipolala ndani ya mpini. Mkia uliobaki nje ulikuwa karibu safi.

Niliupeleka kwa yaya mmoja anayechonga malakiti na kutengeneza mipini ya visu. Aliunusa tu.

"Mudogo yangu, hii haiko pembe. Iko seluloidi. Njo ilikula chuma."

Baadaye nilisoma na kuelewa. Seluloidi ilitengenezwa Marekani na John Wesley Hyatt, aliyepata hataza yake mwaka 1870, akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika mipira ya biliadi. Ni pamba iliyopikwa kwa asidi ya nitriki, kisha ikachanganywa na kafuri. Ikizeeka, huanza kutoa gesi za asidi. Ikiwa na hewa, gesi hizo hutawanyika. Ikifungiwa, hubaki pale pale, zikaila seluloidi yenyewe pamoja na chuma kilicho karibu. Mfuko wangu wa nailoni ndio uliomaliza kazi.

Katika mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba uhusiano kati ya jina na kitu ni wa nasibu. Bado nakubali. Lakini jina likishazoeleka hubeba pia maagizo ya jinsi ya kuishi na kitu. Pembe huogopa wadudu na ukavu, basi unaifunga. Seluloidi hutaka hewa. Mimi nilifuata maagizo ya jina, na kitu kilikuwa kingine.

Yaya akaniuliza tutie mpini gani mpya. Nikajibu, "Plastiki yoyote, mradi iwe nzuri."

"Plastiki haiko jina," akasema. "Ukienda ku soko unasema 'nataka majani', batakupa nini?"

Akanipangia vipande juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa akriliki, king'avu na kizuri, lakini mpini wa wembe una mbao mbili zenye unene wa milimita 3 hivi, zinazopaswa kupinda kidogo bila kuvunjika, na akriliki hupasuka kirahisi kwenye tundu la msumari. Cha pili kilikuwa rezini ya poliesta, jamaa ya ile wanayotumia mafundi wa bodi za magari, iliyochanganywa na unga wa malakiti. Rangi yake ya kijani ilinivutia sana. Lakini poliesta husinyaa ikiganda, na ikiwa nyembamba huwa kavu mno. Cha tatu kilikuwa epoksi. Hiyo husinyaa kidogo tu na hushika vizuri, ila ukikosea kipimo cha dawa yake ya kugandisha, itabaki inanata.

Yeye hakuziita kwa majina haya. Alisema "ile ya kupasuka", "ile ya kunuka" na "ile ya kungoja". Niliyaandika daftarini. Kiswahili kina utomvu, ulimbo, sandarusi, ubani: kila kinachotoka mtini kina jina lake, kwa sababu watu walikishika na kukitumia. Mimi nilikuwa nikikaa maktabani kutafuta istilahi za rezini, na hapa karakana ilikuwa imeshazigawa kwa tabia zake.

Tulichagua ile ya kungoja. Yaya akaniambia kwamba epoksi peke yake haitoshi. Hupata nguvu ikinyweshwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, kisha ikabanwa kati ya mbao. Nikakumbuka aproni nyeupe ya Nkambo. Mama alinyamaza kitambo nilipomwomba. Kisha akaileta, akaikata mwenyewe.

Ilibanwa usiku kucha. Yaya aliisugua kwa maji, nasi tulifunga midomo, maana vumbi lake si la kuvuta. Mbao zile mbili sasa zina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukingoni unaona mistari ya nguo. Misumari ni ya shaba nyekundu.

Wembe wenyewe haunyoi tena. Vishimo vya kutu vilifika kwenye makali, na kuvinoa hadi viishe kungemaliza chuma. Hilo siwezi kulirekebisha. Nimeuweka kwenye rafu, wazi, na chini yake nimeweka karatasi niliyoandika: "Mpini: kitambaa cha aproni na epoksi. Si pembe. Usiufungie."