Herufi L na Mtungi wa Maji

Jericho, Makadara

Mpwa wangu mpendwa,

Picha zako zote mbili nimezipata, ya mkono na ya karatasi ya maabara. Nianze na mkono, maana ndio ulionikasirisha.

Hiyo alama ya buluu ni damu iliyovujia chini ya ngozi. Nesi akishakutoa damu na kukupa pamba, nyoosha mkono, uigandamize kwa vidole dakika tano bila kusugua. Kukunja kiwiko mnakokupenda nyote hakusaidii. Na wewe, mkono huohuo ukaubebesha mtungi wa lita 20 hadi ghorofani! Hata mifereji ya Buruburu ikikauka, una mkono wa pili. Kwa leo weka kitambaa cha maji baridi. Alama itageuka kijani, kisha manjano, na baada ya wiki mbili hivi huioni tena. Uvimbe ukizidi, vidole vikifa ganzi au pakitunga usaha, usiniandikie mimi. Nenda kituo cha afya mara moja.

Halafu unauliza damu yote ile walipeleka wapi. Nimemsikia mama yangu kabisa! Yeye alikulia Pumwani, enzi watu wakiamini kwamba wazimamoto wa Nairobi huwakamata watu usiku kuwatoa damu. Luise White, mwanahistoria, ameuandikia uvumi huo kitabu kizima. Vichupa vyako vyote ni vijiko viwili vitatu vya chai, na mwilini una lita nne na zaidi.

Sasa karatasi. Hemoglobini 13.1 ni nzuri. Kwa mwanamke asiye mjamzito, upungufu wa damu huanza chini ya 12. Kilichokukosesha usingizi ni ile L kando ya nutrofili, zile chembe nyeupe za kupigana na vijidudu. L ni kusema tu kwamba umeshuka chini ya kiwango kilichochapishwa, na viwango hivyo mara nyingi vimetoka Ulaya na Marekani. Watafiti waliopima watu wazima wenye afya kule Kericho, wakachapisha mwaka 2008, walikuta nutrofili zao ziko chini ya za Wamarekani. Waafrika wengi tumerithi chembe nyekundu zisizo na alama iitwayo Duffy. Urithi huo hutukinga na aina moja ya malaria, na hupunguza nutrofili zinazohesabiwa kwenye damu bila kutuachia maradhi. Hata hivyo, mwonyeshe daktari, arudie kipimo baada ya wiki chache. Ukipata homa au vidonda vya mdomo visivyoisha, usingoje.

Mimi nimesimama kwenye sukari, ambayo haina herufi yoyote. 6.4 kwa mtu aliyekunywa chai yenye sukari si neno. Kwa aliyefunga, imepita kiasi, na ikifika 7.0 na kurudiwa ikawa vilevile, hicho ni kisukari. Wewe umeniambia ulipitia chai na mandazi kabla ya kupimwa, basi hatujui lolote bado. Na baba yako unajua anameza vidonge vya nini.

Jumanne rudi asubuhi, tangu usiku usitie kitu mdomoni ila maji, kwa muda wa saa nane au zaidi. Beba karatasi hii na ile ya mwaka jana. Mandazi yatie kwenye mkoba, ule ukishatolewa damu, na umwambie nesi achome mkono ule mwingine.

Shangazi yako