Kadi za Ganda la Mgomba

Mwanangu, ninyi siku hizi mnatumiana salamu za Krismasi kwa simu, picha moja inawaendea watu mia mbili kwa mpigo, na siwalaumu, maana hata mimi huipokea na kuijibu kwa kidole kimoja nikiwa nimekaa sebuleni. Ila ukiniuliza ni Krismasi zipi zilizonifurahisha kuliko zote, sitazitaja za miaka ya karibuni, pamoja na mapochopocho yake yote. Nitakupeleka Machame, mlimani Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ukiingia dukani unakuta rafu tupu na muuza duka amejiinamia. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina. Sukari, sabuni na chumvi tulivipanga foleni kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, na mara nyingi foleni iliisha kabla hujafika mbele, si kwa kuwa watu wamehudumiwa, bali kwa kuwa bidhaa imekwisha. Katika hali hiyo, nani angetumia fedha za kigeni kuagiza kadi za Krismasi? Zile chache zilizosalia Moshi mjini zilikuwa zimepauka dirishani kwa jua la miaka kadhaa, bahasha zake zimejigundisha zenyewe kwa unyevu, zina picha ya theluji na kindege chenye kifua chekundu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukiona. Muuzaji alitaka shilingi kumi na tano kwa moja. Shangazi yangu aliishika, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha taratibu mahali pake, akatoka bila kuaga.

Huyu shangazi ndiye niliyetaka uonane naye. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwembamba, mwenye mwanya na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alifundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu tangu mimi sijazaliwa. Vidole vyake vilikuwa na weusi usiotoka hata kwa majivu, kwa sababu utomvu wa mgomba ukishakushika hauna dawa. Nilipokuwa nikirudi likizo kutoka sekondari nilimkuta amekwisha kuwakusanya watoto wa jirani, mama zao wawili watatu, na mzee mmoja mjane aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa ajili ya kuota moto. Kazi ilianza Novemba, kabla ya Majilio, kwa sababu kadi za kwenda Dar es Salaam zilipaswa kufika kabla ndugu hawajafunga mizigo kupanda nyumbani. Unajua sisi Wachaga, Desemba barabara yote inaelekea mlimani. Kadi ikichelewa inakuta mlango umefungwa na mwenyewe yuko kwako anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Malighafi ilikuwa kihambani, katika shamba letu la migomba la nyumbani. Mgomba ukishakatwa mkungu, maganda ya shina lake hukauka yakijikunja yenyewe. La nje kabisa halifai, limepigwa jua na mvua hadi likawa na madoa. La chini yake ndilo laini, lina mng'aro, na rangi zake zinaanzia ya chai yenye maziwa mengi hadi ya kahawa iliyoungua. Tuliyabandua alfajiri, umande ungali juu yake, kwa sababu likishapata jua la saa nne linapasuka ukiligusa. Tuliyafuta kwa kitambaa chenye maji, tukayakata vipande, tukayapiga pasi ya mkaa. Hapo ndipo penye ufundi. Pasi ikiwa baridi ganda linabaki na mikunjo, ikiwa na moto mwingi linaingia weusi na kunuka. Lakini ikiwa sawasawa, linatandaa, na chumba kizima kinajaa harufu ya nyasi kavu na sukari inayoanza kuungua. Harufu hiyo ikichanganyika na moshi wa kuni na kahawa iliyoanikwa darini, ndiyo Krismasi yenyewe katika pua yangu, mpaka leo. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, maana ngano ilikuwa anasa, na ndani yake shangazi alidondosha mafuta ya taa ili mende na panya wasile kazi yetu usiku. Binamu yangu aliyekuwa karani bandarini alituambia kwamba akipewa barua zake kazini, ya kwetu huijua kwa kunusa.

Karatasi ndiyo ilikuwa shida kuu. Tuliokolewa na babu yetu mmoja aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, yule mzee alibeba nyumbani boksi la fomu za kupokelea kahawa, tupu, nyeupe upande mmoja, akalitia uvunguni akisema siku moja ushirika utarudi na watazihitaji. Ushirika ulirudi kweli, miaka michache baadaye, lakini fomu zake zilikuwa zimekwisha: tulikuwa tumezigeuza kuwa kadi. Ukiifungua kadi yetu na kuigeuza kwenye mwanga, uliona kwa mbali nafasi ya kujaza jina la mkulima na uzito wa kahawa yake. Bahasha tulizitengeneza kwa mifuko ya saruji, tukichukua lile tabaka la ndani na kulikung'uta hadi tupige chafya. Wembe wa kukatia ulikuwa wa kunyolea ndevu, uliokwisha kumhudumia baba mpaka ukamchoka, kisha ukavunjwa vipande viwili ili watu wawili wafanye kazi.

Shangazi alikuwa na sharti moja, nalo hakulilegeza kwa mtu. Kadi isiyo na mwenyewe haianzwi. Hukuruhusiwa kukata hata nyota moja kabla hujataja kadi hii ni ya nani, na ukishataja, wote mliokizunguka kibatari mnamzungumza mtu huyo wakati unamtengenezea. Fulani mguu wake umepona? Yule binti wa Tanga amejifungua? Yule kijana aliyekwenda vitani na kurudi kimya kimya, siku hizi analala usingizi? Kwa watoto ilikuwa umbea uliohalalishwa, na tulicheka hadi mzee mjane akalazimika kuushika moto usizimwe na kanga za watu. Lakini kadi ikiisha, shangazi aliiweka mezani, akabandika kiganja juu yake, akaliombea lile jina kwa maneno machache tu, hata sentensi mbili hazikufika. Halafu: "Haya, nani anafuata?" Mchungaji wetu alipopita jioni moja, akasikia vicheko tangu barabarani, aliuliza kama hiyo ndiyo ibada ya Majilio. Shangazi akamjibu kwamba ibada ipo, kama ana mkono mwepesi avute kigoda. Alivuta, na malaika wake alitoka na bawa moja kubwa kuliko jingine.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843 na bwana mmoja aitwaye Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi, aliyeona kuandika barua kwa marafiki wote ni kazi asiyoiweza. Akamwagiza mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, zikachapishwa nakala elfu moja, nyingine zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Nilicheka peke yangu. Kumbe kitu chenyewe kilibuniwa kupunguza kazi, na shangazi yangu huku mlimani alikuwa amekigeuza tena kuwa kazi ya jioni nzima.

Michoro yetu ilikuwa ya kwetu. Pango la Bethlehemu lilikuwa nyumba ya msonge, hori lilikuwa la ng'ombe wa ndani anayekatiwa majani, mamajusi mmoja wao alibeba mkungu wa ndizi. Na kulikuwa na isale. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikukumbushe: isale ni ule mmea wa majani marefu ambao wazee walipandia mipaka ya vihamba, na ndio huohuo anaoushika mtu anayekwenda kuomba msamaha, kwani ukiletewa isale huwezi kumfukuza aliyeileta. Shangazi alikuwa na ugomvi wa mpaka na shemeji yake, wa mwaka wa ngapi sijui, na Krismasi ya 1982 alimtengenezea kadi. Hakuweka nyota wala malaika, aliweka isale moja tu, ameikata kwa ganda la rangi mbili. Mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Yule mzee aliipokea nje, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Mwambie jani la isale halipindi hivi." Akaingia ndani. Wiki iliyofuata mjukuu wake akaja na mzigo wa maganda ya mgomba, mazuri kuliko yetu, yamefungwa kwa kamba, bila salamu yoyote. Kesi ya mpaka iliendelea kama kawaida mpaka kwenye baraza, na shangazi alishindwa. Lakini maganda yalikuja kila Novemba.

Kisha ikaja 1983, mwaka wa wahujumu uchumi. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, na msako ulipoanza wafanyabiashara walitupa mali usiku, mitoni na vichakani, ili wasikutwe nayo. Katika mfereji wetu wa maji asubuhi moja tulikuta vitenge vimelowa, makopo ya maziwa ya unga, na boksi la kadi za Krismasi za Nairobi zilizopitishwa kwa magendo, zimevimba kwa maji, ule unga wake wa kumeta umetawanyika juu ya majani ya magimbi. Watoto walitaka kuruka kwa furaha. Shangazi alilibeba boksi hadi kwa balozi, naye balozi, ambaye nadhani hakuwa amelala vizuri majuma kadhaa, hakutaka hata kulitazama: "Mama, mimi sijaliona, na wewe hukuja hapa." Basi zile kadi zilichomwa, ila kabla ya kuchomwa ziliwekwa juani, na ule unga ukakwanguliwa kwa wembe hadi ukajaa kichupa cha dawa ya macho. Mwaka ule nyota zetu zilimeta. Shangazi alisema unga si wa mtu, maana ulishapita kwenye maji.

Siku ya sadaka ya Majilio tulipeleka baadhi ya kadi mnadani. Mnada wa baada ya ibada unaujua: kuku, mayai, mkungu, chupa ya maziwa, na mzee wa kanisa mwenye sauti anayejua kumwaibisha bahili kwa upole. Kadi moja ilianza kwa senti hamsini, ile sarafu yenye sungura, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wasio na sabuni nyumbani wakigombea karatasi. Ilifika shilingi ishirini. Aliyeinunua, mama mmoja muuza magadi, aliinua juu kama kikombe cha mpira, kisha akamrudishia mzee wa kanisa ipigwe mnada upya. Iliuzwa hivyo mara kadhaa, huku matarumbeta ya usharika yakipigwa kuwapa watu moyo, na mpigaji wa tarumbeta kubwa akisimama kila mara kutoa zabuni yake.

Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefunguliwa Novemba ya mwaka uleule, na tulidhani shughuli yetu imekwisha. Kwa mwaka ule haikuisha, labda kwa sababu fedha hazikuwepo hata kama kadi zingekuja. Iliisha polepole, baada ya biashara kulegezwa masharti na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985, kadi za theluji ziliporudi kwa bei nafuu na za muziki zikafuatia. Hizo za muziki, nitasema kweli, sikuzipenda kamwe. Ukizifunga bado zinalialia ndani ya kabati. Watoto wa kibatari walikua, wakaoa na kuolewa, wakahamia mjini. Mzee mjane alifariki, na kigoda chake hakikukaliwa na mtu kwa muda mrefu kwa sababu kilikuwa na mguu mbovu ambao yeye tu aliujua.

Miaka mingi baadaye nilikuta Arusha, katika duka la watalii karibu na hoteli, kadi za ganda la mgomba zimepangwa kwenye waya: twiga, Mmasai na mkuki, mlima. Dola nne. Nilinunua moja nikampelekea shangazi, ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri lakini akili yake i timamu. Akaipapasa, akaifikisha puani. "Haina mafuta ya taa," akasema. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya yeyote mwenye dola nne. Akaigeuza, akaikwaruza pembeni kwa ukucha, akanirudishia akisema gundi ni nzuri, ila waliopiga pasi walikuwa na haraka.