Meli Mbili na Kaka Yangu

Mara nyingi nimeulizwa ni meli ipi ya utalii iliyo bora, nami zamani nilijibu bila kusita. Nimesafiri katika mbili, zote pamoja na kaka yangu, katika miezi iliyofuata kifo cha mkewe.

Ya kwanza ilikuwa Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004. Tulitoka Southampton kwenda New York, usiku 7 pasipo kuona nchi kavu. Hubeba abiria wapatao 2,600, ina maktaba kubwa upande wa omo, na hata mabanda ya mbwa (Mwingereza na mbwa wake hawaachani). Kwa kuwa New York iko nyuma ya Uingereza kwa saa 5, anayekwenda magharibi hurudisha saa yake nyuma kidogo kidogo, nasi tukajaliwa siku zenye saa 25. Niliziona kuwa zawadi. Kaka alishinda maktabani akiitazama bahari, asifungue kitabu. Sikumsumbua, nilidhani anapona.

Ya pili ilikuwa Oasis of the Seas, ya mwaka 2009, tuliyoipanda Florida kwenda visiwa vya Karibi. Kwa urefu haziachani sana: mita 360 kwa 345. Lakini hii huchukua abiria zaidi ya 5,000, na katikati yake mna bustani ya mimea hai iliyo wazi juu, ambayo baadhi ya vyumba huielekea badala ya bahari. Chetu kilikuwa kimojawapo. Nilinung'unika sana. Ya nini kulipa nauli ya baharini, kisha upewe miti? Tena muziki usiokoma, na watoto wakizungushwa juu ya farasi wa mbao!

Jioni ya tatu nilichungulia kutoka roshani hiyo hiyo niliyoilaumu, nikamwona kaka chini bustanini, ameketi na mzee mmoja, wanacheka. Walikuwa wamepotea wote wawili. Nikashuka.

"Kule kwingine," akaniambia, "bahari ilinionyesha shemeji yako tu, kutwa kucha. Zile saa 25 zako, mdogo wangu, zilikuwa ndefu mno. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuona umefurahi."

Sikuwa na la kujibu. Yule mzee akasogea, nikaketi, naye akaniuliza iwapo mimi naijua njia ya kwenda chumba cha kulia.