Hema Katika Kiwanja cha Koboko

Wastaafu wengi wa jeshi na polisi wenye asili ya West Nile hurejea makwao wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, mvua zikiwa zimekatika na njia za vijijini hazina tope. Aghalabu husafiri kwa basi la usiku, wakafika Arua alfajiri wamejaa vumbi na usingizi, na hawakuona chochote cha njiani. Mzee mmoja wa Bombo, aliyestaafu polisi akiwa na cheo cha sajini, na mkewe aliyefanya kazi ya ukunga kwa zaidi ya miaka thelathini, hawakutaka safari ya namna hiyo. Januari 2025 waliondoka kwa pikapu yao kuukuu, wakiwa wameazimia kwenda polepole na kulala katika hema.

Shabaha yao haikuwa matembezi matupu. Mzee ana kiwanja cha urithi nje kidogo ya mji wa Koboko, nacho hakijajengwa tangu nyumba ya baba yake ilipoteketea mwaka 1980. Alitaka kuuza nyumba ya Bombo, ajenge huko na kumalizia umri wake kwao. Bibi hakukubali, wala hakukataa. Alisema tu kwamba mtu hajengi mahali ambapo hajalala. Ndipo likazuka wazo la hema, na hema lenyewe likazua mgogoro wa kwanza, maana Bibi alipokuwa msichana aliishi chini ya turubai huko Sudan, na aliporudi Uganda aliapa kwamba hatalala tena chini ya kitu kinachopepea.

"Mama, lile lilikuwa turubai la wakimbizi," mzee alimwambia. "Hili nimelinunua kwa pesa zangu."

"Mvua haiulizi nani amelinunua, Baba."

Mzee alimkumbusha kwamba Januari hakuna mvua. Bibi hakujibu, lakini jioni ile ile alianza kufunga vyombo.

Katika kufunga vyombo alikuwa na kanuni moja: kitu kisichotumika angalau mara mbili kwa siku kibaki nyumbani. Kwa kanuni hiyo kiti cha uvivu cha mzee kilibaki, na redio yake ndogo ikaponea chupuchupu. Vilivyokwenda ni godoro jembamba, chandarua, blanketi mbili, madumu mawili ya maji, jiko la makaa, sufuria tatu zinazoingiana, taa ya nguvu za jua, kamba, jembe na sanduku la dawa ambalo mkunga yeyote hulijua. Maharage aliyachemsha usiku wa kuamkia safari. Maharage makavu hula makaa mengi kuliko yanavyolisha watu, na msafiri aliyechoka hana subira ya kuyangoja.

Kutoka Kampala hadi Arua ni kilomita zipatazo 500. Bombo iko mwanzo wa barabara hiyo, kwa hiyo wazee hawa waliepukana na msongamano wa mji mkuu. Walipita Luweero na Nakasongola kukiwa bado kuna ubaridi, wakavuka mto Kafu, wakanywa chai Kigumba, na kabla ya adhuhuri wakafika Karuma.

Hapo mto Naili unashuka kwa kishindo juu ya miamba, na msafiri husikia maji kabla hajayaona. Daraja lilijengwa mwaka 1963. Mwaka 2024 lilifungwa kwa miezi kadhaa kwa magari makubwa ili litengenezwe, na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, kituo cha umeme cha Karuma chenye uwezo wa megawati 600 kilizinduliwa rasmi. Askari hulinda daraja na hawapendi mtu asimame kupiga picha. Mzee alipopunguza mwendo ili atazame, kijana mwenye bunduki alimwashiria aendelee. Alitii kwa haraka iliyomchekesha mkewe, kwani kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiashiria wengine. Nyani waliokaa kandokando ya barabara wakingoja ndizi hawakupewa kitu. Yafaa wasafiri wote wafanye hivyo, kwani nyani aliyezoea kulishwa garini hufa chini ya gari.

Baada ya daraja barabara ya Pakwach hugeuka kushoto na kufuata ukingo wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Leo ni lami nzuri, na mwenye bahati huona tembo bila kulipa kiingilio. Lakini mzee hakuwa akitafuta tembo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa vita vya Lord's Resistance Army, hakuna aliyepita hapa peke yake. Magari yalikusanywa pamoja, yakasindikizwa na wanajeshi mbele na nyuma, na dereva aliyepata pancha aliomba Mungu huku akifungua nati. Mzee aliwahi kupita katika misafara hiyo akiwa kazini. Alimwonyesha mkewe kona moja, kisha akanyamaza hadi njia panda ya Olwiyo. Bibi hakumuuliza.

Jua lilikuwa likiinama walipovuka daraja la Pakwach. Ni mto ule ule wa Karuma, ila umekwisha kuingia Ziwa Albert na kutoka, na sasa ni mpana na mtulivu, umebeba visiwa vya majani. Waalur na Waacholi husimulia kwamba karibu na hapa, Wang Lei, ndugu wawili Gipir na Labongo walitengana. Gipir alimrushia tembo mkuki wa nduguye, tembo akatoroka nao, na mwenyewe akataka mkuki wake ule ule na si mwingine. Gipir akaufuata porini kwa mateso hadi akaupata. Baadaye mtoto wa Labongo akameza shanga ya Gipir, naye Gipir akadai shanga yake ile ile. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu hao wakafukia shoka mtoni na kuagana, mmoja akaenda magharibi na mwingine akabaki mashariki. Bibi huyu, ambaye amezalisha watoto wasiohesabika, hajawahi kuipenda hadithi hiyo, na alisema hivyo tena huku akichagua angara sokoni. Angara ni samaki mkavu wa Ziwa Albert, mwenye miba mingi na mchuzi usio na mfano, hasa akipikwa na siagi ya karanga.

Usiku wa kwanza walipiga hema katika ua wa nyumba ya wageni, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa malipo madogo. Kwa wasiozoea mambo haya, ruhusa ndiyo kigingi cha kwanza cha hema. Uwanja wa shule, wa misheni, wa msikiti au wa mwenyekiti wa kijiji haukosekani, na mgeni aliyejitambulisha hulala akiwa na majirani wanaomlinda. Mzee alilala fofofo. Bibi alikesha, akisikiliza kitambaa kikipumua.

Siku ya pili barabara ilipanda hadi Nebbi, hewa ikawa nyepesi, na alasiri wakaingia Arua. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, uko juu ya nyanda za mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Waingereza waliufanya kituo cha utawala mwaka 1914, mwaka ambao West Nile iliunganishwa na Uganda. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, kisha ikawa chini ya Sudan. Katika umri wa mtu mmoja, mkulima wa Kilugbara ambaye hakuhama boma lake alihamishwa dola mara tatu.

Walifikia Oli, mtaa unaoitwa kwa jina la mto mdogo upitao mjini, nyumbani kwa shemeji yao. Ni mtaa wa misikiti, mafundi cherehani, wauza nguo na watoto wengi. Hapa Kiswahili hakisikiki kama lugha ya kuazima. Kililetwa na askari wa King's African Rifles, ambao wengi wao walitoka West Nile, na waliporudi na malipo yao ya uzeeni walirudi na lugha pia. Baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, wazee wa mitaa kama huu walikuwa wamekitumia kwa miaka mingi kununulia nyama. Asubuhi ililetwa chai na gurusa, chapati laini za Kinubi, zikiwa zimefunikwa kwa tabaga, kawa la ukili wa rangi kali linalosukwa na akina mama. Bibi aliligeuza tabaga, akahesabu mizunguko yake, akauliza bei, akaahirisha.

Kutoka Arua hadi Koboko ni lami tupu. Kabla mji haujasahaulika kuna misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, ambako tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali ya wakati ule waliwaua raia wengi waliokuwa wamejihifadhi humo. Mzee alisimamisha gari. Ndugu yake mmoja alikuwa miongoni mwao. Alisimama kando ya barabara kwa muda wa kusoma Fatiha, akarudi kwenye usukani. Baada ya Maracha mlima Liru ulijitokeza. Walugbara husema juu yake alifia Jaki, mmoja wa mababu zao wawili. Kwa mzee ulikuwa na maana rahisi zaidi, kwamba wamefika.

Kiwanja kilikuwa na nyasi, miembe miwili mikongwe na mawe ya msingi ambayo hakuna aliyeyachukua. Walifyeka nafasi, wakapiga hema pale palipokuwa sebule. Majirani walileta ugali wa muhogo na mtama, majani ya kunde na kuku hai. Jioni Bibi alipika nje, na watu waliokuja kuona "polisi anayelala kama skauti" hawakuondoka hadi usiku mkubwa.

Wilaya ya Koboko inagusa mpaka wa Kongo na wa Sudan Kusini pia, na mipaka yote hukutana Salia Musala. Wakakwa wako katika nchi zote tatu. Oktoba 1980, baada ya askari wa zamani wa Idi Amin kushambulia Koboko na Arua na jeshi kulipiza kisasi kwa raia, maelfu walikimbilia upande wa pili. Familia ya Bibi ilielekea Yei. Mama yake alifia huko, akazikwa chini ya mwembe katika shamba la wenyeji waliowapokea. Miaka ilipita, ikaja zamu ya wenyeji hao. Vita vya Sudan Kusini vilipoingia Yei mwaka 2016, wao ndio waliovuka, na kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ilipokea watu zaidi ya laki mbili katika miezi michache.

Siku ya tatu, katika soko la Koboko, Bibi alikutana na mama mmoja mzee akiuza bamia kavu, mwenye lafudhi ya upande ule. Waliulizana vijiji kwa Kikakwa. Mama yule alikijua kile kijiji, na hata shamba lenyewe alilijua. Kuhusu mwembe hakuweza kusema, kwani alipokimbia nyasi zilikuwa zimeyafunika makaburi yote, ya wenyeji na ya wageni. Bibi alinunua bamia zote zilizokuwa kwenye ungo.

Jioni hiyo alimwambia mumewe kilichomzuia kukubali. Hakuogopa hema, wala umbali wa hospitali, ingawa umbali upo. Aliogopa kuzeeka karibu na mpaka ambao hawezi kuuvuka, akitazama upande wa kaburi asiloweza kulifyekea. Mzee, ambaye alikuwa na hoja nyingi tayari kuhusu bei ya tofali, alikoroga makaa kwa muda mrefu.

"Na Bombo," akauliza hatimaye, "unatazama upande gani?"

"Sitazami popote. Ndiyo maana nimeweza kukaa."

Hawakuuza nyumba ya Bombo. Hawakupima msingi. Usiku wa nne Bibi alilala hadi jua likachomoza, na mzee aliyeamka kwa swala ya alfajiri hakuthubutu kumgusa. Siku ya sita walipokuwa wakipakia, mzee alianza kung'oa vigingi, na Bibi akamzuia. Hema likunjwe, alisema, lakini libaki kwa jirani pamoja na jembe na jiko, kwa kuwa Desemba haiko mbali na pikapu ni nzee.

Waliporudi walipitia Oli, naye akalinunua lile tabaga.