Maharagwe Bila Nazi: Jiko la Kakamega

Mtu wa pwani afikapo Kakamega, kitu cha kwanza anachokikosa jikoni ni nazi. Mji huu uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, na bei ya nazi huko haimruhusu mama mwenye watoto kuikuna kila siku. Je, mwanamke wa kwetu aliyehamia huko kwa ndoa au kwa kazi ya mumewe atapika nini kitakacholika kwa hamu? Swali hili si dogo. Wapo waliokaa bara miaka na miaka wakihesabu kila chakula kuwa ni pungufu.

Haja ya kuhesabu hivyo haipo, kwani Kakamega ni nchi ya neema. Mvua hunyesha karibu kila alasiri katika majira ya masika, na maharagwe hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Sokoni huuzwa kwa gorogoro: yako mekundu, yako ya manjano, na yako yale yenye madoa yaitwayo rosecoco. Pembeni yake wamekaa akina mama na mafungu ya mrenda, saga, na majani ya kunde ambayo Waluhya huyaita likhubi. Nyanya ni tele. Wala Uislamu si mgeni katika nchi hii: Mumias, ulio katika kaunti hiyohiyo, ulikuwa kituo cha misafara ya Waswahili tangu zama za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, na adhana ingali ikisikika huko hadi leo.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu aliye mwalimu huko, ni mzaliwa wa Malindi. Mamake alipika miaka mingi katika nyumba ya Waitaliano, na kutoka kwake alirithi chakula ambacho katika nchi ya Italia ni cha maskini: maharagwe, mboga, nyanya na vipande vya tambi katika sufuria moja. Wenyewe aghalabu hutia nyama ya nguruwe, na wengine hutia mvinyo. Yeye huviacha vyote viwili, na kwa ladha yangu hakuna kilichopungua.

Maharagwe hulazwa majini usiku kucha, yale maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa maji mapya. Yale mekundu sharti yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguziwa moto, kwani yakiwa hayajaiva yana sumu iumizayo tumbo. Nilipotaka kutia nyanya mapema, kama nifanyavyo kwangu, alinizuia mkono.

“Wifi, nyanya ina ukali. Ukiitia sasa, maharagwe yatakaza ngozi na kuni zitakwisha.”

Na kuni Kakamega ni jambo la kufikiriwa, maana msitu ule mashuhuri umekwisha kupungua sana, na wanaobeba mizigo ya kuni vichwani ni wanawake. Waluhya wenyewe wanayo dawa yao ya kulainisha: munyu musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Huyatia katika mrenda na likhubi. Ukali wa nyanya hukaza, na majivu hulegeza; wifi yangu hutia kijiko kimoja tu, kwani yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni.

Nyanya hupikwa kando, na hapa ndipo penye siri. Kitunguu maji na kitunguu thomu hukaangwa kwa moto mdogo katika mafuta; ya zaituni yakipatikana ni bora, yasipopatikana ya alizeti yanatosha. Nyanya zilizomenywa huingia, zikaachwa bila haraka mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu. Ndipo humiminwa juu ya maharagwe yaliyokwisha kuiva, pamoja na karoti na kabeji au likhubi iliyokatwa nyembamba. Tambi zilizovunjwa hutiwa mwisho, dakika chache kabla ya kuepua.

Kisha akachuma majani ya mrihani aliouotesha katika kopo mlangoni, akayachana kwa vidole na kuyanyunyiza juu. Nilicheka. Mrihani huu tunaousuka pamoja na asumini kwa ajili ya arusi na harufu za nyumbani, kumbe ndio ambao Mwitaliano hauachi katika mchuzi wake wa nyanya! Sisi tumekaa nao uani tangu enzi za mabibi, na wengi wetu hatujawahi kuutia chunguni.

Jirani yake, mama wa Kiisukha, ndiye amleteaye chupa ya musherekha. Jioni ile alionja kibakuli kimoja, akauliza harufu ile ni ya nini, akaondoka na kijiti cha mrihani kilichofungwa katika karatasi yenye majimaji ili akakipande.