Binti yangu alishika bisibisi, mimi nikashika tochi

Ninafanya kazi Biharamulo, familia yangu iko Ngara. Wazazi wenye maisha ya namna hii wanayajua. Unaondoka Ijumaa, unapita Lusahunga na Nyakahura ukifuatana na malori ya Rusumo, unafika watoto wanasinzia. Jumapili mchana unaaga tena. Binti yangu mkubwa yuko darasa la saba. Septemba ni mtihani, na akipangiwa shule ya bweni, Januari anaondoka. Nilipopiga hesabu nikaona likizo ya Juni huenda ndiyo ya mwisho kwake kama mtoto wa nyumbani, nikaomba likizo yangu iangukie hapo hapo.

Wiki hiyo basi lilituletea maboksi mawili. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alikuwa amepata darubini iliyotumika, aina inayoitwa Dobsonian, yenye kioo cha inchi 6. Mama watoto akauliza bei. Kisha akauliza bei hiyo ni mbuzi wangapi. Swali la kwanza nilijibu.

Jina hilo limetokana na John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuishi miaka mingi kama mtawa huko San Francisco, Marekani. Hakuwa na fedha, kwa hiyo alisugua vioo vyake mwenyewe kutoka vioo vilivyotupwa, akatumia maboksi magumu ya mviringo kama bomba na mbao kama kitako. Baadaye alikuwa akiweka darubini barabarani na kuwaita wapita njia wachungulie mwezi. Alifariki mwaka 2014. Nilipomsimulia binti yangu habari hizo, alichouliza ni kimoja tu: kama yule mzee aliiunda kwa mabaki, sisi tunashindwaje kuiunganisha yenye karatasi ya maelekezo?

Basi nikampa bisibisi. Watoto wetu, hasa wa kike, huitwa kushika tochi wakati baba anatengeneza kitu. Safari hii tochi nilishika mimi.

Boksi la kwanza lilikuwa na mbao za chipbodi: duara mbili za chini, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na ubao wa mbele. Kazi yenyewe si tofauti na kuunga kabati. Unafunga mbavu kwenye duara ya juu kwa kile kifunguo kidogo chenye umbo la L, lakini boliti huzikazi mpaka zote ziwe zimeingia, la sivyo ya mwisho haikubali tundu lake. Binti yangu aligundua hilo kabla yangu. Boliti moja haikuwemo, na fundi pikipiki wa jirani akatupatia iliyofanana nayo, bure, kwa sharti kwamba usiku ataitwa.

Boksi la pili lilikuwa na bomba lenyewe, urefu wa mita moja na zaidi kidogo. Chini kabisa kuna kioo kikuu, na karibu na mdomo kuna kioo kidogo kinachopinda mwanga kuupeleka ubavuni, mahali pa kuchungulia. Kioo kikuu kilikuwa na vumbi. Mama mkwe alikuwa ameshachukua kona ya khanga ili akifute, ikabidi nimuwahi kwa heshima zote. Kioo hiki si kama cha kujitazamia. Utando wake wa kung'aa uko juu, hauna kinga ya kioo mbele yake, na kitambaa kikavu chenye vumbi kinauchuna. Vumbi kidogo haliharibu picha, kwa hiyo tuliliacha.

Kuna aina za darubini ambazo mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga. Hapa Ngara, nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, ncha hiyo imelala karibu kabisa na upeo, na kwetu kuna milima. Dobsonian haikudai hayo. Inakwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Inasumbua tu nyota ikiwa utosini kabisa, maana hapo bomba linakataa kugeuka vizuri.

Kidarubini kidogo cha kulengea tulikirekebisha mchana kwa kutumia mnara wa simu ng'ambo ya bonde. Mnara ulionekana kichwa chini miguu juu, mdogo wake akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mchana ndio wenye hatari, wazazi wenzangu, na hapa sikutania. Kioo cha inchi 6 hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 ya mboni ya jicho. Likiingia jua, jicho linaungua hapo hapo bila maumivu ya kukuonya. Hata kile kidogo cha kulengea kinapofusha. Miwani ya jua, filamu ya eksirei, kioo cha moshi, vyote havifai. Sheria ya nyumbani: jua likiwa juu, vifuniko viko mahali pake, na mtoto haigusi bila mtu mzima kusimama naye.

Usiku tuliitoa uani. Juni kwetu ni kiangazi, na umeme ukikatika, anga lote ni lako. Tulianza na lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 48, tukatafuta nyota mbili angavu zilizo jirani na Msalaba wa Kusini. Ile angavu zaidi inaitwa Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Binti yangu akabadilisha lenzi, akaweka ya milimita 10, akanyamaza.

"Baba, ziko mbili."

Kweli ziko mbili, zinazungukana. Baada ya dakika moja na nusu hivi zikatoka kwenye picha, naye akasukuma bomba polepole kuzifuata. Nikamwambia aliyesogea ni sisi, Dunia inatugeuza.

Fundi pikipiki alishaondoka, mdogo wake alishalala mkekani. Tulikuwa wawili gizani, yeye jicho kwenye lenzi, mimi siuoni uso wake. Hapo ndipo aliposema hataki bweni. Alisema anajua nimeanza kuweka akiba ya ada, ndiyo sababu hajasema. Aliogopa pia kwamba mama yake atabaki peke yake na wadogo siku ambazo mimi niko Biharamulo.

Miezi yote hiyo nilikuwa nikimuuliza mezani, "Shule vipi?" Anajibu, "Nzuri."

Sikumpa jibu usiku ule. Asubuhi nilikaa na mama yake, tukazungumza kwa kirefu kuliko tulivyozoea. Hatujaamua. Shule ya kata si mbali, na akiba ya ada haiozi. Tutasubiri matokeo, na safari hii tutamuuliza mwenyewe kabla ya kulipa popote.

Kwa sasa ameziweka boliti zote kwenye kopo la siagi, akaandika juu yake kwa kalamu nene ngapi ni za ubavu na ngapi za duara, ili mdogo wake aweze kuiunganisha akiwa hayupo. Mimi nimekatazwa kulifungua.